SHAMBA LETU LA USHIRIKA LINALIPA AU HALILIPI? DAFTARI LIFUNGULIWE KWANZA

Ndugu wanachama wa chama cha msingi, ndugu wanakijiji wote,

Mmekwisha sikia kwamba kwenye mkutano mkuu ujao bodi italeta hoja ya kukodisha shamba letu la ushirika, zile ekari 20 za pamba ng'ambo ya mto, kwa mfanyabiashara wa kutoka nje ya kijiji. Sababu inayotajwa ni moja tu, ati shamba halilipi. Neno hilo tumelisikia gulioni, tumelisikia kisimani, na kilabuni ndiyo usiseme. Kila mtu anasema halilipi. Tulipouliza nani amepiga hesabu akaona hivyo, hapakuwa na mtu. Mmoja alisema "si mnaona wenyewe?" Mwingine akasema magunia ya mwaka huu yalikuwa machache kwenye trela kuliko ya mwaka juzi.

Sisi wa tawi tunasema hivi: shamba halihukumiwi kwa macho, wala kwa trela. Kabla mkono wa mtu haujanyooshwa juu kukubali au kukataa, daftari la shamba na daftari la fedha yasomwe mbele ya wanachama, ukurasa kwa ukurasa. Na tueleweke vizuri. Tangu mwaka 1992 vyama vya siasa nchini ni vingi, na ubao huu ni mali ya ushirika, si ya Chama. Hapa tunaandika kama wanachama wenye kadi na hisa, basi.

Juzi tulikwenda ofisini kwa karani, tukaomba kuyaona madaftari. Karani hakuwa na kinyongo, alitoa yote mezani. Daftari la mauzo limetunzwa vizuri, hilo tunampongeza. Tarehe ipo, kilo zipo, pamba safi imeandikwa peke yake na fifi peke yake, namba za stakabadhi zinafuatana. Ukilisoma unajua shamba limeingiza nini.

Lakini daftari la shamba lenyewe, ndugu zangu, lina njaa. Msimu uliopita wote una kurasa mbili. Siku ya kupanda imeandikwa, palizi ya kwanza imeandikwa, palizi ya pili haina siku wala idadi ya watu. Dawa ya wadudu imeandikwa "imetoka". Imetoka chupa ngapi? Imekwenda wapi? Tulipofungua daftari la ghala ndipo tukaona jambo lenyewe. Dawa iliyopulizwa shamba la ushirika na dawa waliyokopeshwa wanachama kwa mashamba yao ya nyumbani, yote imeandikwa kwa jina moja, "pamba". Mwisho wa msimu jumla yake ikabebeshwa shamba la ushirika. Sasa shamba la ekari 20 likibebeshwa dawa ya mashamba ya kijiji kizima, litalipa kwa miujiza gani?

Na sisi wa tawi hatuwezi kunyoosha kidole huku tumeficha mkono mwingine. Plau na ng'ombe wa ushirika walilima shamba la tawi kwa siku nne mwezi wa kumi na moja. Tuliomba kwa mdomo, tukapewa kwa mdomo, haikuandikwa popote. Mchungaji wa wale ng'ombe analipwa na shamba la ushirika, mnyororo ulipokatika siku ile ya tatu ulinunuliwa kwa fedha ya shamba la ushirika. Faida tukaipata sisi, gharama likaibeba shamba. Tumekwisha mwambia mhasibu atuandikie deni la siku nne kwa bei ile ile anayotozwa mwanachama, nasi tutalipa kabla ya mkutano. Wapo wengine walioazima plau lile lile. Wanajijua.

Kwa hiyo hasara inayosemwa, huenda ni ya shamba kweli, na huenda ni yetu sisi tuliolifanya shamba kuwa shati la kila mtu kufutia mikono. Bila kuandika hatutajua ni ipi.

Wengine watasema mambo ya hesabu ni ya wasomi wa mjini. Siyo. Usukuma huu ushirika ulianzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wazee wetu walichoka na uzito wa wanunuzi wa pamba. Mkulima analeta mzigo wake, mnunuzi anataja uzito anaoutaka yeye, mkulima hajui kusoma mshale wa mizani, anapokea senti anazopewa na kurudi nyumbani. Basi wakaweka watu wao wenyewe kusimama kando ya mizani kuhakiki uzito. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kuangalia namba na kusema kweli. Kutoka kwenye vuguvugu hilo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Likawa shirikisho kubwa sana la wakulima.

Na lilivyoyumba tunajua pia. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni kwamba wanachama wengi hawakujua vyama vyao vinaendeshwaje, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na wanasiasa walikuwa wanaingilia. Hilo la mwisho tunaliandika kwa mkono wetu wenyewe bila kuona haya. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Leo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zitunzwe na zikaguliwe kila mwaka. Lakini mkaguzi anakagua kilichoandikwa. Siku nne za ng'ombe ambazo hazikuandikwa, mkaguzi atazitoa wapi?

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Darasani kwetu, lile la jioni la watu wazima, tuliliuliza swali hili ubaoni. Namba hizi tulizibuni ili tujifunze, si bei ya msimu wala si shamba la mtu yeyote, kwa hiyo asije mtu kugombana na sisi.

Mkulima wa kwanza ana ekari 5. Amevuna kilo 1,500. Tukasema kila kilo ni shilingi 1,000, basi ameingiza 1,500,000. Mkulima wa pili ana ekari 2 tu, amevuna kilo 1,100, ameingiza 1,100,000. Tukauliza darasa, nani mkulima hodari? Darasa zima likasema wa kwanza. Kilo zake ni nyingi, fedha zake ni nyingi, na pale gulioni ndiye anayepeana mkono na kila mtu.

Tukaandika gharama za wa kwanza. Kukodi plau 250,000. Mbegu 75,000. Dawa 200,000. Vibarua wa palizi 300,000. Kuvuna 225,000. Magunia na usafiri 60,000. Jumla 1,110,000. Amebakiwa na 390,000.

Wa pili naye: plau 100,000, kusomba samadi 60,000, mbegu 30,000, dawa 80,000, palizi 180,000 kwa sababu alipalilia mara tatu, kuvuna 165,000, magunia na usafiri 45,000. Jumla 660,000. Amebakiwa na 440,000.

Darasa lilinyamaza. Mwenye ekari 2 amemzidi mwenye ekari 5! Tukagawanya tena. Wa kwanza kila ekari imembakizia 78,000, wa pili kila ekari imembakizia 220,000. Kilo moja ya wa kwanza imemgharimu shilingi 740, ya wa pili shilingi 600. Maana yake bei ikianguka ikafika 700, yule wa kwanza anauza kila kilo kwa hasara, na wa pili bado anapumua. Bei hatuipangi sisi, tunaikuta gulioni. Lakini ile 740 na ile 600 ziko mikononi mwetu kwa sehemu kubwa, kwa namna tunavyopanda, tunavyopalilia na tunavyopuliza.

Mama mmoja aliyekaa nyuma ndiye aliyetupeleka mbali zaidi. Akauliza, "Na sisi tuliokwenda shambani kila siku, mbona hatumo kwenye hayo mahesabu?" Kweli, hatukuwa tumewaandika. Vibarua tuliwahesabu kwa sababu walipokea fedha, mke na watoto hatukuwahesabu kwa sababu hawakupokea. Tukaongeza mstari. Tukasema nyumba ya kwanza imetumia siku za kazi 130 za watu wa nyumbani, ya pili siku 80. Gawanya kile kilichobaki. Nyumba ya kwanza kila siku ya jasho imelipwa 3,000, nyumba ya pili 5,500. Mama yule akasema basi yeye yuko nyumba ya kwanza, na angekwenda kupalilia kwa jirani angepata zaidi. Wanaume walicheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Katika darasa letu, kusema kweli, wanaotunza madaftari vizuri kupita wote ni akina mama. Wanahesabu ndoo, wanahesabu debe, wanajua siku ngapi walikwenda kupunguzia miche. Baadhi yetu wanaume tulishika kalamu tukiwa tayari na watoto, na mpaka leo daftari tunaliona kama askari. Wako wanaoogopa mke asijue pamba imeingiza kiasi gani. Wako viongozi wanaoogopa wanachama wasijue. Ni ugonjwa mmoja.

Sasa lipo jambo linaloharibu hesabu zote hizi hata kabla hujaanza, nalo ni ekari yenyewe. Muulize mtu ana ekari ngapi, atatazama shamba na kusema "kama tatu hivi". Ukipima unakuta mbili na kipande, au unakuta nne. Ekari ya macho! Halafu anasema amevuna kilo 200 kwa ekari, au 500 kwa ekari, na zote si kweli. Tuliozoea hatua 70 kwa 70 tujue kwamba hatua ya mtu mrefu si hatua ya mtu mfupi, na hatua ya asubuhi si ya mchana wa jua kali. Kamba ni bora. Chukua meta 50 kwa meta 81, hiyo inakaribia sana ekari moja. Kamba ya meta ipo ofisini, anayetaka aje kuazima, na aandike jina lake kwamba ameazima. Hata ekari 20 zetu za ng'ambo ya mto hatukumbuki zilipimwa lini. Upande wa kusini mto umekula, kila mtu anaona. Mkodishaji atalipia ekari ngapi, na sisi tumekuwa tukigawanya kilo kwa ekari ngapi?

Tumekwisha sikia jibu la wazee wengine: "Mvua haisomi daftari." Ni kweli. Mwaka wa ukame hata mwenye daftari la dhahabu anavuna miba. Lakini mvua inayolinyima shamba la ushirika ndiyo hiyo hiyo inayonyesha, au isiyonyesha, kwenye mashamba ya jirani zake. Kama jirani waliopakana nalo wamepata zaidi kwa ekari kwa mvua hiyo hiyo, basi kosa si la mawingu. Daftari likiwa na siku ya mvua ya kwanza, siku ya kupanda, siku ya kila palizi na siku ya kila mpulizo, utaona kama tulichelewa kupanda, au tulisubiri mpaka funza wa vitumba wamekwisha ingia ndani ndipo tukaanza kutafuta bomba. Katika zile kurasa mbili za msimu uliopita, siku ya kupanda shamba la ushirika imeandikwa ni mwishoni mwa Desemba. Wengi wetu kwenye mashamba yetu wenyewe tulikuwa tumekwisha maliza zamani. Yaani tulimaliza ya nyumbani kwanza, ndipo tukakumbuka ya ushirika! Wataalamu wa pamba wanatuhimiza kila mwaka tupande kati ya Novemba na katikati ya Desemba. Hapo si mvua.

Msimu mmoja pia haufai kuhukumu. Mmoja unaweza kuwa wa baraka, mmoja wa mkosi. Tunahitaji mitatu hivi. Ya miwili ya nyuma tunaweza kuikusanya bado, kwa stakabadhi za mauzo, kwa daftari la ghala, na kwa kuwauliza vibarua wenyewe walilipwa nini na siku ngapi. Haitakuwa kamili, lakini itakuwa bora kuliko kukisia.

Neno jingine dogo, fedha za shamba na fedha za nyumba zisilale kitanda kimoja. Mtu anauza pamba, wanamkata mkopo wa pembejeo pale pale, anabaki na kiasi, anapita dukani kununua sare ya mtoto na sukari, anafika nyumbani na noti mbili, anasema pamba haina maana. Sare haikulimwa shambani, ndugu. Makato ya mbegu na dawa ni gharama ya shamba, yaandike. Sare na sukari ni matumizi ya faida, nayo yaandike, lakini ukurasa mwingine. Ushirika nao uache tabia ya kuchota fedha ya pamba kulipia chakula cha wageni na kuiita "gharama za uendeshaji".

Turudi kwenye hoja ya kukodisha. Mfanyabiashara anataka ekari zetu 20 kwa misimu mitano. Hajaja kwa sababu anatuhurumia. Huyo amepiga hesabu yake, anajua ekari moja itambakizia nini. Sisi wenye shamba ndio hatujui. Kama shamba likitunzwa vizuri linaweza kutubakizia hata nusu ya kile alichobakiza yule mkulima wa pili wa ubaoni, na sisi tukampa kwa kodi iliyo chini ya hapo, tutakuwa tumempa mtu jasho la wazee wetu waliong'oa visiki pale kwa mikono, na miaka mitano hatuwezi kusema neno. Lakini kama madaftari, baada ya kutoa dawa isiyo yake na siku za ng'ombe zisizo zake, yataonyesha kwamba bado shamba linakula kuliko linavyozaa, sisi wa tawi tutakuwa wa kwanza kunyoosha mkono likodishwe, na kodi yake tutajua tuanzie wapi kuitaja. Hatuna ndoa na shamba. Tunachokataa ni kulihukumu bila kulisikiliza.

Kwa hiyo tunaiomba bodi mambo haya, na tumewapelekea kwa barua pia. Hoja ya kukodisha isipigiwe kura mkutano huu, isogezwe hadi mkutano utakaofuata. Shamba lipimwe kwa kamba, wanachama wakiwepo. Dawa ya shamba na dawa ya wanachama zitenganishwe kwenye daftari la ghala tangu ule msimu wa nyuma. Karani asiachiwe peke yake kazi ya kuandika shambani. Ana ofisi, ana ghala, ana gulio, hawezi kuwa kila mahali. Wachaguliwe wanachama wawili, mmoja wao mama, wa kukaa na daftari la shamba kule kule shambani na kuandika siku ile ile. Jambo likiandikwa baada ya wiki huwa limekwisha geuka hadithi.

Tunajua wapo watakaosema tawi linachelewesha fedha za kodi kwa sababu zake. Waje waseme mkutanoni, si kilabuni.

Kuanzia Jumatatu madaftari yote matatu, la mauzo, la ghala na la shamba, yatakuwa mezani ofisini kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa idhini ya mwenyekiti wa bodi. Mwanachama yeyote aje na kadi yake asome. Asiyejua kusoma namba aje na mtoto wake wa shule, au atuite mmoja wetu wa darasa la jioni tumsomee. Madaftari hayatoki nje ya ofisi. Aliyeazima plau msimu uliopita bila kuandikwa, mhasibu anamsubiri, naye sisi tumekwisha anza.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi